Duara Ambalo Hakuna Aliyelitazama

Shangazi yangu ananizidi miaka mitatu tu, lakini thubutu umwite kwa jina. Atakutazama kama umemkanyagia kidole chenye kidonda. Babu na Bibi walimpata kitinda mimba, wakati kaka yake mkubwa, yaani baba yangu, ameshaoa, basi tukakua nyumba moja tukigombania kiti kimoja mbele ya televisheni. Kila nilipokiwahi aliniambia, "Mwanangu, mpishe shangazi yako." Hiyo "mwanangu" inaniuma hadi leo.

Ukiuliza ukoo wetu Shangazi anafanya kazi gani, utapata majibu matano na yote yamekosea. Baba anasema "mambo ya kompyuta" halafu anabadilisha mada. Bibi anawaambia majirani kwamba anauza simu nene. Kwenye group ya familia kuna mjomba mmoja bado anamtumia picha za laini zilizofungiwa, akiomba msaada.

Ukweli wenyewe ni huu. Kuna mashine ya kushika mkononi, ina mpini na kifyatulio kama bastola ya maji ya watoto, na juu yake ina skrini. Wao wanaiita skana. Ukifyatua, inatoa mawimbi ya redio, na kila kitu chenye chipu ndani yake kinajibu, "Nipo." Chipu yenyewe ni ndogo, unaishonea kwenye pindo la nguo na unasahau kwamba ipo. Unaweza kuwa na mfuko umefungwa, una mashuka sitini, usiuguse, na skana ikakuambia ni sitini. Hiyo sehemu ya mawimbi walishaitengeneza watu wengine zamani. Kazi ya Shangazi ni kile unachokiona kwenye skrini: namba ikae wapi, kitufe kiwe na rangi gani, mashine ikikosea ikuombe radhi kwa maneno gani. Mashine ilikuja na ubongo wake, yeye anaipa uso.

Ofisi yao iko ghorofa ya pili, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Meza tatu, feni moja yenye kwikwi, na Bosi, ambaye ni mtu mwema isipokuwa ana tabia ya kusimama nyuma yako na kupumua. Mlangoni kulikuwa na karatasi iliyobandikwa kwa gundi pembe zote nne: MBUNIFU WA SKRINI. Shangazi aliipiga picha hiyo karatasi siku ya kwanza, akaiweka stetasi kwa saa ishirini na nne, halafu akaiweka tena.

Nyumbani sisi ndio tulikuwa maabara. Alimwomba fundi seremala amchongee kipande cha mti chenye umbo la skana, akawa anabandika juu yake karatasi zilizochorwa vitufe, anatupa tubonyeze, na yeye anaandika. Halafu alipopewa skana ya kweli akashonea chipu kwenye nguo zetu zote. Ndipo nilipojua nyumba haina siri. Jioni moja alisimama sebuleni, akafyatua, akatangaza mbele ya wageni kwamba nina soksi saba. Mtu mwenye miguu miwili ana soksi saba. Ya nane ilikuja kupatikana nyuma ya friji na hakuna aliyekubali kuhusika.

Bibi alipopewa kile kipande cha mti, alikigeuza huku na huku, akabonyeza karatasi mara moja, akangoja. Hakuna kilichotokea, ni karatasi. Akakiweka sikioni.

"Mbona haisemi?" akauliza.

Tulicheka hadi Shangazi akadondosha kalamu. Nikaiweka kwenye group, ikapata vicheko kumi na tisa. Kumbuka hiyo, maana sisi hatukuikumbuka.

Kitu alichokipenda kuliko vyote ni duara. Miezi minane alikuwa kwenye duara. Unafyatua, duara la kijivu linaanza kujaa kijani kutoka chini, kama mtungi chini ya bomba, na katikati kuna namba inapanda. Likijaa lote, mzigo umetimia. Kama kuna upungufu, linabaki pengo jekundu la ukubwa ule ule wa kilichokosekana. Kuna Jumapili alinionyesha rangi za kijani kumi na nne, nikamwambia zote ni kijani, akaninunia hadi Jumanne.

Basi hospitali moja kubwa ikakubali kuzijaribu skana mbili kwa mwezi mmoja, kwenye chumba chao cha dobi. Mashuka yao yalikuwa yanapotea kati ya wodini na kufuliwa, na kila upande unasema ni upande wa pili. Ijumaa ya wiki ya nne afisa ugavi wa hospitali angeshuka mwenyewe kuamua: skana zibaki au zirudi. Bosi hakumficha Shangazi. Wateja wengine hakuna. Zikirudi, mtu wa kuchora skrini hatakuwa na cha kuchora, na ile karatasi ya mlangoni itabanduliwa. Baba naye, kwa upendo wake wa kubana, alikuwa ameshamwandalia kiti cha mapokezi ofisini kwake, na alikisifia kile kiti kila mlo, jinsi kinavyozunguka, utadhani ni posa.

Siku ya tatu mambo yakawa si mambo. Ikaja karatasi kutoka chumba cha dobi, imeandikwa kwa mwandiko wa kukandamiza: mfuko wa kwanza, mashuka sitini, mashine imesema ishirini na mbili. Mfuko wa pili, sitini, mashine imesema thelathini na moja. Chini yake, kwa herufi kubwa: INADANGANYA. Aliyeandika ni dobi mkuu, mama mmoja ambaye hospitali nzima inamwita Kamanda.

Skana ililetwa pamoja na karatasi; Shangazi akaichomeka kwenye kompyuta, akafungua kumbukumbu zake. Zilisema sitini na sitini. Akazisoma tena. Sitini na sitini. Akaniita nizisome mimi, labda macho yake yameanza kumdanganya naye.

"Mwanangu, hii ni sitini au siyo sitini?"

Nikamwambia ni sitini. Akaniangalia kwa masikitiko, kama alitegemea nimkatalie.

Hapo ndipo kizunguzungu kilipoanza. Skrini ilionyesha sitini, mtu aliyeishika akaandika ishirini na mbili. Akaamua namba ni ndogo. Akaikuza ikawa ya kusomwa na mtu wa mtaa wa pili bila miwani. Likaja jibu: kumi na tisa. Akaamua wanaacha kufyatua kabla ya kumaliza, akaongeza swali, "Je, umemaliza?" Likaja jibu: ishirini na saba, na mashine ina maswali mengi. Akabadilisha kijani. Akahamisha kitufe kutoka kulia kwenda kushoto. Mimi nikapendekeza aweke picha ya Kamanda mwenyewe, labda atajisikia kuheshimiwa, na cha ajabu alifikiria kwa dakika nzima.

Kituko kikubwa kilikuwa wiki ya pili. Bosi alisema ile milio ya skana, pi, pi, pi, inakera, hospitali ni mahali pa wagonjwa, izimwe. Shangazi akaizima, na siku hiyo hiyo akabadilisha tena rangi na vitufe. Jioni karatasi ikaja: MASHINE IMEKUFA. MIFUKO YOTE, SIFURI. Kumbukumbu zikasema sitini, hamsini na nane, sitini. Mashine iliyokufa imesoma mashuka mia moja sabini na nane. Shangazi akarudisha kila kitu kama kilivyokuwa juzi yake, na milio ikiwemo, bila hata kujua kipi kati ya vyote ndicho kilichomfufua marehemu. Akaketi sakafuni akaegemea kabati. Nikampa chai, akaishika, akasahau kuinywa.

Wiki ya tatu akaomba kwenda kuona kwa macho yake. Akapangiwa Jumanne saa nne. Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone, na kweli walipona. Aprini zimepigwa pasi. Kamanda, mama mfupi mwenye mikono kama ya bondia, aliishika skana mbele ya kifua kwa mikono miwili kama mtu anayepiga picha ya kitambulisho. Alifyatua, akaikodolea macho skrini, akasoma kwa sauti, "Sitini." Pembeni yake msaidizi wake, dada mmoja mwembamba wanayemwita Kimya, alipiga makofi mawili. Mfuko wa pili, sitini. Wa tatu, sitini. Dakika ishirini hakuna kasoro. Shangazi akarudi akiruka ngazi mbili mbili, akaniambia duara limeeleweka.

Jumatano ikaja karatasi: ishirini na tano.

Sikuwahi kumwona vile. Hakukasirika, alikuwa tu ametulia kama kompyuta iliyoganda. Aliniuliza kama inawezekana watu wakafanya makusudi. Akajibu mwenyewe kwamba haiwezekani, wale mama walimpa maji ya kunywa na kumuuliza hali ya nyumbani. Akaniuliza kama inawezekana yeye ndiye hajui kazi. Hapo nilikuwa na utani mzuri kabisa mdomoni, nikaumeza.

Kilichomwokoa ni mwavuli. Aliusahau kule chini siku ya ziara, na Jumanne ya wiki ya nne mvua ikanyesha, akaenda kuufuata bila kumwambia mtu. Yanayofuata nayasimulia alivyonisimulia, nimepunguza machozi tu.

Chumba cha dobi kiko chini kabisa ya jengo. Mvuke umejaa, mashine mbili kubwa zinanguruma, sakafu ina maji. Alisimama mlangoni, hakuna aliyemwona. Kamanda alikuwa na rundo la mashuka mikononi, anayakagua madoa, anayatupa mezani. Skana haikuwa mkononi. Ilikuwa ndani ya mfuko wa aprini yake, kichwa chini, skrini imegeukia tumboni, na kifyatulio kimefungwa kwa raba ya nywele ili kifyatuke chenyewe muda wote. Kamanda anapita karibu na mifuko, aprini inalia pi, pi, pi. Na Kimya, ambaye jina lake ni dhihaka kwa sababu hanyamazi tangu aingie kazini hadi atoke, alikuwa anasimulia ugomvi wa jirani yake na mwenye nyumba, na huku anasimulia anadondosha vibanio vya nguo kwenye kopo. Pi kumi, kibanio kimoja.

Shangazi akasahau hata salamu. Akauliza kwa nini hawaangalii skrini.

Kamanda hakushtuka. "Mwanangu," akasema, "mikono yangu ina kazi. Macho yangu yana kazi. Yalikuwa yamebaki masikio, ndiyo nikaipa mashine yako."

Ikabidi wamweleze kama mtoto. Kabla ya skana walikuwa wanahesabu hivi: Kamanda anakagua shuka, akiridhika analipiga mezani kwa kiganja, pwaa. Kimya anahesabu pwaa. Kila kumi, kibanio kwenye kopo. Yakitimia mashuka ya kwenye orodha, Kamanda anasema, "Haya, funga," na mfuko unafungwa. Kimya amehesabu hivyo kwa miaka kumi na tisa huku anapiga domo. Shangazi hakuamini, akamjaribu: Kamanda akapiga mashuka bila mpango, Kimya akaendelea na mwenye nyumba wake hadi polisi walipoitwa, kisha akasema, "Arobaini na tatu." Ilikuwa arobaini na tatu.

Sasa ilipoletwa mashine inayolia, wao wakaelewa kwamba imekuja kuwapunguzia kupiga meza. Kumbe skana ikikutana na rundo inasoma mashuka kumi kwa pumzi moja na kulia mara tatu tu. Mlio ulikuwa ni dalili kwamba inafanya kazi, haukuwa hesabu. Hakuna aliyewaambia, kwa sababu hakuna aliyefikiria kwamba kuna mtu atahesabu milio.

"Na siku nilipokuja mimi?" Shangazi akauliza. "Mbona mlitazama?"

"Ulikuja mgeni," Kimya akasema, "ukawa unaitazama ile taa. Tukaona vibaya kukuacha uitazame peke yako."

Wakati anachukua mwavuli wake, Kamanda akamuuliza, kwa nia njema kabisa, ile skrini hasa ni ya nini. Wao walikuwa wameelewa inaonyesha chaji.

Miezi minane. Kijani kumi na nne. Inaonyesha chaji.

Alirudi nyumbani, akaketi kitini bila kuvua viatu. Nilingoja alie, hakulia. Alisema tu kwamba haelewi: kama anachora uso na watu hawatazami uso, yeye ni nani? Nikamwambia ni shangazi yangu, hilo halina mjadala. Akanirushia mwavuli, nikajua bado yupo.

Jumatano asubuhi alirudi kule chini na simu yake akarekodi. Alirekodi kiganja cha Kamanda kikipiga shuka mezani. Alimrekodi Kamanda akisema, "Haya, funga," mara sita, maana mara tano za kwanza aliisema kwa sauti ya mtangazaji wa taarifa ya habari. Siku mbili akabadilisha kila kitu. Sasa skana ikisoma mashuka kumi mapya inapiga pwaa moja. Ikifika mwisho wa rundo, yaliyobaki chini ya kumi inayataja kwa milio midogo, ti, ti, ti, polepole, mtu awahi. Idadi ikilingana na orodha ya wodi, aprini inatamka, "Haya, funga." Na skrini, ili isimalize chaji, inalala. Giza totoro, hadi mtu aibonyeze.

Bosi alipoonyeshwa alisimama nyuma yake, akapumua kwa muda mrefu. "Imezima," akasema. Shangazi akamwambia haijazima. Bosi akauliza skrini iko wapi sasa. Shangazi akamwambia imelala. Bosi akaenda kusimama dirishani, na nasikia alikaa hapo hadi saa ya chakula.

Ijumaa afisa ugavi akashuka na viatu vyake vya kung'aa, akiruka madimbwi kama anacheza rede. Bosi yupo, ana jasho. Shangazi yupo, ameshika mwavuli japo kuna jua. Mfuko wa wodi ukaletwa, orodha inasema sitini. Kamanda akatia skana mfukoni mwa aprini, akaanza kazi zake kama vile hakuna mtu.

Pwaa. Pwaa. Pwaa. Kimya anasimulia harusi fulani. Pwaa. Pwaa. Halafu ti, mara saba. Halafu kimya, hata Kimya mwenyewe.

Hamsini na saba. Wote wakaingoja ile "Haya, funga." Haikuja. Bosi akafumba macho. Shangazi anasema pale ndipo alipokiona kile kiti cha mapokezi kikizunguka mbele yake.

Kamanda alisogeza kopo la vibanio. Aliumwaga mfuko mzima mezani, akaanza kupiga kwa kiganja chake, shuka moja moja, kama zamani. Kimya akadondosha vibanio vitano. Kisha akasema, "Na saba."

Afisa ugavi akapiga simu wodini. Wakatafuta. Mashuka matatu yalikuwa nyuma ya mlango wa stoo yao, yamekunjwa kwenye beseni, mtu aliyaweka pale akasahau. Mwezi mzima wodi ilikuwa inaapa kwamba haijawahi kubakiza hata moja.

Afisa akacheka, kisha akaomba aione hiyo mashine. Kamanda akaitoa aprinini, akampa. Akaigeuza, giza. Akabonyeza. Duara likatokea, kijani tupu, na pale juu pengo dogo jekundu la mashuka matatu.

"Duara zuri hili," akasema. "Mbona hamlitumii?"

Kamanda alikuwa anafunga aprini, Bosi anatazama dari, na Shangazi anaukunjua na kuukunja mwavuli wake. Miezi minane ilipata mtazamaji mmoja, na hata huyo hakuwa dobi.

Skana zimebaki. Jumatatu hospitali ikaagiza nyingine sita, na kwenye barua kuna mstari unaouliza kama zinaweza kuja bila skrini, maana zitakuwa nyepesi mfukoni. Shangazi alinionyesha huo mstari, akauziba kwa kidole, akaufunua, akauziba tena. Kazi anayo, na kiti cha Baba kimepewa mtu mwingine. Lakini Bosi alibandua ile karatasi ya mlangoni, akasema ataandika nyingine, na hadi leo pana alama nne za gundi. Anasema hajui aandike nini. Shangazi naye alipoulizwa alisema hajui.

"Mwanangu, nimeshinda au nimeshindwa?" aliniuliza juzi, amekaa sakafuni na kapu la nguo zetu, anajaribu sauti mpya kwa macho yaliyofumbwa. Nikamtupia ile soksi ya nane kapuni.

Skana ikapiga pwaa tatu, ikaguna ti mbili, ikatamka kwa sauti ya Kamanda, "Haya, funga."

Bibi, aliyekuwa anasinzia kitini, akainuka, akaenda kufunga dirisha, akarudi kukaa.

"Afadhali," akasema. "Sasa inasema."